Maboresho ya kompyuta: Yajaribiwe kwenye seva moja kwanza, mtandao mzima baadaye

Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wakati wenye maduka wengi wa ukanda huu wakiwa ndio kwanza wanafungua milango, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilituma faili dogo kwenye kompyuta za wateja wake duniani kote. Kampuni hiyo hutengeneza programu ya kuzuia wezi na wavamizi wa kompyuta, na faili hilo lilikuwa sehemu ya maboresho ya kawaida ambayo huyatuma mara kwa mara.

Muda mfupi baadaye kompyuta zilianza kuzima na kubaki na kioo cha buluu. Kila zilipowashwa, zilizima tena. Kampuni iligundua kosa na kuliondoa faili saa 2:27 asubuhi, yaani dakika 78 tu tangu litumwe, lakini kompyuta ambazo zilikuwa zimekwisha kulipokea hazikuweza kuwaka vizuri ili zipokee sahihisho. Mafundi walilazimika kuzifuata moja moja, mezani, kwenye kaunta na kwenye vyumba vya seva, kulifuta faili kwa mikono.

Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Viwanja vya ndege, hospitali, benki na vituo vya televisheni vilikwama. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano.

Mkulima wa mahindi au mwenye duka la pembejeo anaweza kujiuliza, hayo ya viwanja vya ndege yananihusu nini mimi?

Yanamhusu. Fedha ya mauzo ya mazao siku hizi hupita kwenye simu. Wakala wa fedha anayekaa chini ya mwavuli pale sokoni, mashine ya kutolea risiti ya kodi, SACCOS inayotoa mkopo wa mbolea, kadi ya benki na tiketi ya basi, vyote hivyo nyuma yake vina seva. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta na simu nyingine nyingi kwa wakati mmoja. Kila seva ina programu, na kila programu hufika siku ikahitaji toleo jipya. Toleo hilo likiwa na kasoro, mtengenezaji wake yuko mbali. Anayebishana na mteja aliyekatwa fedha mara mbili ni wakala.

Kwa hakika wakulima wanaijua kanuni hii kuliko watu wengi wa kompyuta. Mbegu mpya ikija kijijini, haipandwi ekari zote tano msimu wa kwanza. Hupandwa kwenye kipande kidogo, au kwenye shamba darasa, watu wakaiona inavyostahimili udongo wao na mvua yao. Mbegu iliyofanya vizuri Mbeya si lazima ifanye vizuri Dodoma. Hali kadhalika, kifurushi cha programu kilichofanya kazi vizuri kwa mtengenezaji kinaweza kugonga mwamba kwenye seva ya mteja, ambayo ina programu nyingine za zamani, printa ya aina yake na kumbukumbu za miaka kumi.

Seva ya nane

Kisa ambacho mafundi wa seva hupenda kukisimulia ni cha kampuni ya Knight Capital ya Marekani. Kampuni hiyo ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa niaba ya wengine, na ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo.

Agosti 1, 2012 Soko la Hisa la New York lilikuwa linaanza utaratibu mpya, na Knight ilihitaji programu mpya ya kushiriki. Siku chache kabla, fundi alianza kuiweka kwenye seva nane zilizokuwa zikipeleka oda sokoni. Aliiweka kwenye saba. Ya nane aliisahau. Hakukuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi hiyo, wala hakukuwa na utaratibu wa maandishi uliotaka ukaguzi wa namna hiyo ufanyike.

Ndani ya seva ile ya nane kulikuwa bado na kipande cha programu ya zamani kiitwacho Power Peg, ambacho kampuni iliacha kukitumia mwaka 2003. Walioandika programu mpya walichukua swichi iliyokuwa ikiwasha kipande kile cha zamani, wakaipa kazi mpya. Kwenye seva saba swichi hiyo iliwasha programu mpya. Kwenye ya nane ikaamsha mzee aliyelala tangu 2003.

Kuna jambo jingine lililofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mwaka 2005 mafundi walikuwa wamehamisha sehemu ya kuhesabu hisa zilizokwisha nunuliwa, ile inayoiambia programu kuwa oda imetimia na sasa isimame. Baada ya kuihamisha hawakuijaribu tena Power Peg, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia. Kwa hiyo ilipoamka ilitoa oda bila kujua imekwisha timiza au la. Ni sawa na kibarua aliyetumwa debe moja la maji, asiye na wa kumwambia limejaa, akaendelea kuchota hadi kisima kikakauka.

Soko lilifunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za New York. Katika dakika 45 oda 212 za wateja wadogo zilizaa mauziano zaidi ya milioni nne, yakihusu hisa zaidi ya milioni 397 za kampuni 154. Kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460.

Yapo mawili katika kisa hicho ambayo mwenye seva yoyote, hata moja tu, angepaswa kuyatazama kwa makini. La kwanza, tangu saa 2:01 asubuhi, karibu saa moja na nusu kabla ya soko kufunguliwa, mitambo yenyewe ilikuwa imetuma barua pepe 97 kwa wafanyakazi zikitaja kosa la Power Peg. Hazikuchukuliwa kuwa tahadhari na hakuna aliyechukua hatua. La pili, katika kuhangaika kuzima moto, mafundi waliiondoa programu mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama. Hapo seva zote nane zikawa zinafanya kosa lile lile.

Mwezi Oktoba 2013 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza Knight faini ya dola milioni 12. Kufikia wakati huo kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuungana na nyingine, haisimami tena kwa miguu yake.

Kurudi nyuma nako kunahitaji majaribio

Wengi hudhani kwamba toleo jipya likileta matata, dawa ni kuliondoa na kurudisha la zamani. Benki ya RBS ya Uingereza ilijifunza vingine.

Juni 17, 2012, siku ya Jumapili, benki hiyo iliweka toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku, zile ambazo mishahara, malipo na masalio ya akaunti hupigiwa hesabu wakati matawi yamefungwa. Matatizo yalipoonekana, mafundi waliamua kuliondoa toleo jipya. Hawakujaribu kwanza kuona kuondoa huko kutaleta nini. Kumbe toleo jipya na la zamani hayakuwa yakielewana, na kazi za usiku zikavurugika.

Zaidi ya wateja milioni 6.5 wa RBS, NatWest na Ulster Bank waliathirika. Wako walioshindwa kuona fedha zao, wako waliochelewa kulipa mikopo ya nyumba, na wenye biashara walishindwa kulipa mishahara. Kwa wateja wa Ulster Bank adha hiyo iliendelea hadi mwezi Julai. Mwaka 2014 wasimamizi wa benki nchini humo waliitoza RBS faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Benki nyingine ya huko huko, TSB, ilihamisha wateja wake milioni 5.2 kwenye mtambo mpya mwezi Aprili 2018. Ilikuwa na vituo viwili vya seva. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo yalifanyika kwenye kituo kimoja tu. Mambo hayakurudi katika hali ya kawaida hadi Desemba mwaka ule, mkurugenzi mkuu aliondoka, na mwaka 2022 ikaja faini ya pauni milioni 48.65. Hata shamba la majaribio halisaidii iwapo liko bondeni na shamba lenyewe liko mlimani.

Mtihani usiouliza swali

Turudi kwa CrowdStrike. Je, kampuni hiyo haikufanya majaribio? Ilifanya, na hapo ndipo kisa chake kinapofundisha zaidi ya kile cha Knight.

Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa na kampuni yenyewe Agosti 2024 inaeleza kuwa aina ya faili lililoleta balaa ilianza kutumika Februari mwaka huo. Ilipangwa kuwa na nafasi 21 za kujazwa taarifa. Programu iliyokuwa kwenye kompyuta za wateja ilikuwa ikitoa taarifa 20 tu. Katika majaribio, na katika mafaili yaliyotangulia, nafasi ya 21 iliwekwa alama yenye maana ya "chochote kile sawa", hivyo programu haikuhitaji kuitazama. Miezi ikapita bila tatizo. Julai 19 likaja faili la kwanza lililotaka nafasi ya 21 itazamwe kweli. Programu ikaenda kuchungulia mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kompyuta ikaanguka.

Kwa maneno mengine, mlango ulijaribiwa ukiwa haujafungwa kwa ufunguo, na kila aliyeusukuma alisema unafunguka vizuri.

Aidha, kampuni nyingi zilizoathirika zilikuwa na tahadhari yake. Zilikuwa zimechagua kubaki toleo moja nyuma ya toleo jipya kabisa la programu ya CrowdStrike, ili wengine watangulie kuonja. Lakini mpangilio huo ulihusu programu yenyewe. Mafaili madogo ya taarifa za wavamizi yalikuwa yakipita njia nyingine, moja kwa moja, kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Wenye kompyuta walidhani wamefunga geti, kumbe palikuwa na kichochoro nyuma ya nyumba. Baada ya ajali hiyo kampuni ilieleza kuwa mafaili hayo nayo yatatumwa kwa awamu, na kwamba wateja watapewa uwezo wa kuamua ni lini na wapi yaingie.

Kuchelewa nako kuna hasara yake

Baada ya visa hivyo, mwenye SACCOS anaweza kuamua asiguse kabisa. Mashine inafanya kazi, kwa nini kuichokoza?

Mei 12, 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zipatazo 150 na kuziteka kompyuta zaidi ya 200,000, kikifunga mafaili na kudai fidia. Nchini Uingereza, katika England, taasisi 80 kati ya 236 za hospitali za umma ziliathirika, na wagonjwa wengi wakaahirishiwa matibabu. Sahihisho la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu Machi 14 mwaka huo huo, karibu miezi miwili kabla. Walioathirika walikuwa hawajaliweka.

Kwa hiyo mwenye seva yuko kati ya moto wa pande mbili. Akiharakisha anaweza kujiangusha mwenyewe, na akichelewa anaweza kuangushwa na mwizi. Majaribio ndiyo yanayompa nafasi ya kwenda haraka bila kwenda kipofu, na ndiyo maana hayapaswi kuchukua miezi. Kwa sahihisho la usalama, siku chache za majaribio mara nyingi hutosha. Kwa mtambo mzima wa hesabu, wiki kadhaa si nyingi.

Inavyofanyika

Katika ofisi zenye utaratibu, kifurushi kipya huwekwa kwanza kwenye seva ya majaribio, ambayo inafanana na ile ya kazi kwa kila kitu kinachowezekana: toleo la mfumo endeshi, programu nyingine zilizomo, na nakala ya kumbukumbu ambayo majina na namba za wateja zimefichwa. Seva hiyo haigusi fedha za mtu.

Kuwaka tu si kufaulu. Seva inaweza kuwaka vizuri Jumatatu na kuanguka siku ya mwisho wa mwezi riba inapopigwa. Kwa hiyo hufanyishwa kazi zote ngumu kwa siku moja: riba ya mwezi, kufunga siku, kutoa risiti, kurudisha muamala uliokosewa, na watu wengi kuingia kwa pamoja kama ilivyo siku ya malipo. Kisha hufanyika jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kuliondoa toleo jipya makusudi na kuona kama la zamani linarudi salama.

Likipita hapo hupelekwa kwenye tawi moja dogo, au seva moja kati ya kumi. Watu wanasubiri, wakisoma kumbukumbu za makosa zinazotolewa na mtambo, zikiwamo zile barua pepe ambazo Knight haikuzifungua. Likitulia huenda matawi mengine machache, na mwishowe yote. Kila mara mtu wa pili, asiyekuwa yule aliyeweka, hupita na orodha akihakikisha kila seva ina toleo lile lile.

Wako wanaofanya hivyo hadharani kwa ajili ya dunia nzima. Watengenezaji wa Debian, mfumo endeshi wa bure unaotumika kwenye seva nyingi, huingiza vifurushi vipya kwanza kwenye tawi wanaloliita unstable. Kifurushi kikikaa huko siku kadhaa bila kasoro kubwa mpya kuonekana, huhamia tawi la testing, na kutoka hapo ndipo hatimaye hutengenezwa toleo tulivu. Mwenye seva ya biashara hukaa kwenye hilo la mwisho. Akiweka lile la kwanza kwenye seva ya fedha za watu, amejitolea kuwa shamba la majaribio bila kuulizwa.

Kazi kubwa za aina hii zimefanyika pia hapa jirani. Aprili 2015 huduma ya M-Pesa ya Kenya, iliyoanza Machi 2007, ilihamishwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani hadi mtambo mpya ndani ya Kenya. Kazi ilipangwa mwishoni mwa wiki, na wateja walitangaziwa mapema kuwa huduma itasimama kwa saa kadhaa. Wakala aliyesikia tangazo alipata muda wa kuandaa fedha taslimu. Kwa mfanyabiashara mdogo, tangazo la mapema lina thamani kuliko msamaha wa baadaye.

SACCOS na duka lenye kompyuta mbili

Si kila mtu ana fedha ya seva ya pili. Hata hivyo kompyuta ya zamani inayokaa stoo ikikusanya vumbi inaweza kuifanya kazi hiyo. Ipewe programu zile zile, iwekewe nakala ya wiki iliyopita ya hesabu, na ndiyo iwe ya kwanza kupokea kila toleo jipya. Mhasibu akae nayo siku moja, aandike mikopo mitano, arudishe miwili, atoe taarifa ya mwezi na kulinganisha urari wa hesabu na ule wa kompyuta ya kazi. Tofauti ya shilingi moja ni sababu tosha ya kusimama na kuuliza.

Kabla ya kugusa kompyuta ya kazi, nakala kamili ya hesabu itolewe na kuwekwa nje ya mashine hiyo. Nakala nayo ijaribiwe. Wengi wana nakala kwenye diski wasizowahi kuzifungua, na siku ya shida ndipo wanapogundua kuwa ndani hamna kitu. Kule ambako umeme hukatika bila taarifa, betri ya akiba ichajiwe kwanza, kwani kompyuta iliyozimika katikati ya kuwekewa toleo jipya mara nyingi haiwaki tena vizuri.

Duka lenye kompyuta mbili au tatu liache moja ipokee maboresho ya Windows kwanza. Tangu mwaka 2003 Microsoft hutoa masahihisho yake ya kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo tarehe zinajulikana. Kompyuta ya nyuma, ya kuandikia barua, ipokee wiki hiyo. Ikipita siku kadhaa bila matata, ile ya kaunta ifuate.

Kwa wasio na kompyuta yao wenyewe, wanaotegemea mtambo wa kampuni ya nje, yapo maswali ya kumuuliza mwenye mtambo kabla ya kutia saini mkataba. Je, toleo jipya linajaribiwa wapi? Linaingia kwa wateja wote siku moja au kwa zamu? Likiharibika linarudishwa nyuma kwa muda gani, na zoezi hilo limewahi kufanywa lini? Nani atalipa iwapo hesabu zitapotea? Muuzaji anayejibu swali la kwanza kwa kusema programu yake haina makosa ni wa kumwogopa.

Na tarehe ya kazi ichaguliwe kwa kalenda ya wanachama, si ya fundi. Chama cha wakulima wa korosho Mtwara au Lindi hakina sababu ya kubadilisha mtambo wa malipo mwezi Oktoba, wakati minada inaanza na watu wamepanga foleni. Kazi hiyo ingoje hadi fedha za msimu ziwe zimekwisha kulipwa. Fundi akisema atakuwa safarini wakati huo, atafutwe mwingine, au angojewe arudi.